Mteja Kwanza, Kifaranga Baadaye

Hivi ujasiriamali unafundishika? Namaanisha kufundishika kweli, mtu akaingia hajui akatoka anajua, kama anavyofundishwa kuendesha baiskeli. Nauliza kwa sababu katika kazi hii ya uandishi nimekaa kwenye semina za ujasiriamali nyingi kuliko harusi za ndugu zangu. Ratiba naijua kwa moyo. Saa tatu kujiandikisha. Saa nne mgeni rasmi, ambaye anafika saa tano na nusu. Halafu mkufunzi anawasha projekta, na ukutani zinatokea Sifa Kumi za Mjasiriamali Bora: ana uthubutu, ana maono, ana nidhamu ya fedha, na kadhalika na kadhalika. Saa saba wali kuku. Saa kumi watu wanasaini posho na kuondoka na kitini chenye jalada la kung'aa.

Sina ugomvi na posho, jamani. Nauli haijilipi. Kilichonikera ni swali la kijana mmoja tuliyekaa naye meza moja kwenye semina ya namna hiyo hapa Dar. Alikuwa ameandika kila kitu, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyefundishwa na mwalimu wa zamani. Mwishoni akanigeukia, akaninong'oneza: "Dada, sifa zote kumi nimeziandika. Sasa kesho asubuhi nianze na ipi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Swali hilo ndilo lililonipeleka Kisarawe na Kibaha. Kwa nini huko na si kwingine? Kwanza ni karibu, nauli yangu mwenyewe inatosha. Pili, na hili ndilo kubwa, wilaya hizi mbili zinazopakana hapo nje ya Dar zimewahi kujaribiwa mambo ambayo leo tunayaongea kama vile yamezaliwa jana. Tukisema "elimu ndani ya jamii", "stadi za maisha", "vijana wajiajiri", tunajiona wajanja wa karne mpya. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu kwa Kujitegemea Machi 1967. Na hata kabla ya hapo, mwaka 1963, pale Tumbi, kama kilomita 40 kutoka Dar kwa barabara ya Morogoro, nchi za Nordiki zilianza mradi pamoja na serikali ya Tanganyika wenye mambo matatu mahali pamoja: shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha kufundishia wakulima. Maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, kila mmoja kajengewa nyumba yake ya kupigwa. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kile kituo cha wakulima ndicho kilichokuja kuwa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi.

Vyuo hivi vya maendeleo ya wananchi vina historia yake. Vilianza 1975, Mwalimu akiwa amevutiwa na vile vya Sweden, ambavyo navyo mizizi yake iko Denmaki, kwenye shule ya kwanza ya namna hiyo iliyofunguliwa mwaka 1844 kwa ajili ya vijana wa wakulima. Leo viko zaidi ya 50 nchi nzima. Wazo lake la mwanzo linanifurahisha: mtu mzima anakuja kujifunza kitu anachokihitaji, halafu anarudi kwao kukifanya. Cheti hakikuwa hoja.

Kisarawe nayo ina yake. Mwaka 1997 ilikuwa moja ya wilaya tano, pamoja na Masasi, Songea Vijijini, Musoma Vijijini na Ngara, zilizochaguliwa kujaribia mpango ambao baadaye nchi nzima iliujua kwa jina la MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. UNICEF walisaidia. Watoto ambao umri wa kuanza darasa la kwanza ulishawapita waliwekwa kwenye makundi mawili, wadogo mpaka miaka 13, na wakubwa wa 14 mpaka 18. Kijiji ndicho kilichotakiwa kutafuta pa kusomea na kupanga saa za masomo. Wawezeshaji walikuwa wawili, mmoja mwalimu wa kusomea na mwingine mwanakijiji mwenye elimu kidogo. Na pamoja na kusoma, kuhesabu, Kiingereza na maarifa ya jumla, kulikuwa na stadi za kazi. Hapo ndipo nilipokuwa napatafuta mimi.

Basi nikapanda gari Gongo la Mboto, tukapita Pugu, tukapanda ile milima, hewa ikabadilika. Watu wa Dar hatujui kwamba nusu saa tu kutoka kwenye foleni zetu kuna mahali penye baridi asubuhi. Kutoka Kisarawe mjini nikaendelea na bodaboda kuelekea upande wa Maneromango, vumbi mpaka kwenye kope.

Niliyemfuata ni dada mmoja ambaye nilielekezwa na rafiki. Jina lake nalihifadhi. Yeye aliingia MEMKWA mwaka 1999 akiwa na miaka 12. Alikuwa hajawahi kukaa darasani hata siku moja, kwa sababu alikuwa analea wadogo zake. Nilimkuta kibarazani anasuka ukili, wasichana wawili pembeni yake nao wanasuka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Karibu ukae, ila usikalie huo ukindu, haujakauka."

Alinisimulia darasa lao. Lilikuwa chini ya mwembe, baadaye likahamia kwenye ghala la kijiji. Saa za kusoma zilikuwa mchana, baada ya kazi za asubuhi shambani, maana wazazi ndio waliopanga hivyo. Yule mwezeshaji wa kijijini alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, akakosa pa kwenda. Ilipofika stadi za kazi, kijana yule hakuwa na ujuzi wowote wa kufundisha, akafanya jambo la maana kuliko yote: akamwita bibi mmoja msusi wa mikeka aje akae nao mara mbili kwa wiki.

Hebu niweke nukta hapa kidogo. Kwa Kiswahili neno "somo" lina maana ya kile unachofundishwa darasani, na pia ni yule mwanamke anayemfunda mwali. Watu wa pwani hii hawakuhitaji kuambiwa na mtaalamu yeyote kwamba mambo ya maisha hufundishwa na mtu anayeyaishi, kwa karibu, kwa muda, mpaka ajue umeelewa. Somo haondoki saa kumi akishasaini.

Haya, tuendelee. Bibi alifundisha kusuka. Lakini kijana yule akaichukua mikeka ileile akaigeuza Hisabati. Dada akanifanyia hesabu hiyo palepale, kwa bei za leo, kwa kidole juu ya vumbi la kibaraza. Mkeka mmoja mkubwa: ukindu 4,000, rangi 1,500, nauli ya kuupeleka sokoni kwenda na kurudi 3,000. Jumla 8,500. Unauza 15,000. "Faida ngapi?" akaniuliza. Nikasema 6,500, najisikia msomi. Akatikisa kichwa.

"Umenisuka siku ngapi?"

Sikuwa nimeuliza. Siku 12, akanijibu mwenyewe. Gawanya 6,500 kwa 12. Ni shilingi 541 kwa siku na senti zake. "Soda moja siipati," akasema. "Ndivyo mwalimu wetu alivyotuuliza. Siku zako ni bei gani? Bibi alinuna wiki nzima, alidhani anatukanwa. Halafu akarudi, akasema kumbe miaka yote hii nilikuwa nagawa mikeka."

Jamani, nimekaa semina ngapi? Kwenye ile ya siku tatu pale hotelini, hakuna mtu aliyenionyesha kwa kidole kwamba nguvu zangu ni gharama. Tuliambiwa "andaa mchanganuo wa biashara". Tukapewa jedwali. Jedwali halikuwa na safu ya siku zako.

Sasa dada huyu hasuki mikeka mikubwa ya kwenda kuitafutia mteja. Anasuka ya harusi tu, kwa oda, nusu ya bei mkononi kabla hajalowanisha ukindu. Siku nyingine anauza ukili kwa pima kwa wanaoshona wenyewe, maana hapo fedha inarudi ndani ya siku mbili. Yuko kwenye VICOBA ya kijiji, sanduku lile la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. (VICOBA nayo watu wanadhani tumeibuni sisi, asili yake ni vikundi vya akina mama wa Niger walioanza na shirika la CARE mwaka 1991.) Ananiambia kule kwenye kikundi ndiko alikojifunza jambo ambalo hata mwalimu wao hakulifundisha, yaani kumkatalia shemeji mkopo.

"Na shule?" nikamuuliza. Hapa ndipo mambo yalipopinda.

Wadogo wa MEMKWA walifanya mtihani wa darasa la nne, wakifaulu wanaingia la tano kwenye shule ya kawaida. Wakubwa walifanya mtihani wa darasa la saba. Ni jambo zuri, sitaki nieleweke vibaya. Watoto waliokuwa wamekwisha kusahauliwa walipata mlango wa kurudia. Dada huyu alipita mlango huo, akamaliza la saba, hakuchaguliwa. Lakini anasema kadiri mtihani ulivyokaribia, bibi wa mikeka aliacha kuitwa. Wazazi wenyewe walisema watoto wakazanie masomo. Mtihani hauulizi mkeka. Na ulipokuja MMEM, mpango mkubwa wa elimu ya msingi wa 2002 mpaka 2006, MEMKWA ikasambaa nchi nzima kama ngazi ya kupandia kurudi shuleni. Zile stadi za kazi zikabaki kwenye karatasi zaidi kuliko kwenye kiganja. Vifaa hakuna, fundi wa kuja kufundisha halipwi, na posho ya mwezeshaji yenyewe inakuja ikikumbuka.

Nilimuuliza yule kijana mwezeshaji yuko wapi. Alihamia mjini siku nyingi, anaendesha bajaji. Alifundisha miezi mingi bila posho, halafu akaoa.

Naiwaza sana hadithi ya kijana huyo. Kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika mpango mzima kilikuwa yeye. Ndicho kilichokosa fedha.

Lakini nisiipambe sana hii "jamii" pia. Jamii inafundisha kile inachokijua. Kisarawe kuna somo moja linalofundishwa vizuri kuliko masomo yote, linafundishwa na mafundi wa kweli, wenye soko la kweli, na vijana wanalielewa ndani ya mwezi mmoja. Ni mkaa. Kijana wa miaka 16 anajua kupanga magogo, kufukia tanuri, kusikiliza moshi, kuhesabu gunia zitakazotoka, nauli ya bodaboda, nani wa kumkwepa njiani na bei ya Dar leo asubuhi. Kama ujasiriamali ni uthubutu na kulijua soko, huyo anapata mia kwa mia. Na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi inazidi kuwa myembamba. Sisi wa Dar ndio wateja wake, tunaopikia maharage kwa mkaa wake huku tunamlaumu. Kwa hiyo ukisema "tujifunze kwa jamii" lazima useme pia nani anakileta kijijini kile ambacho jamii haina.

Na upo upande wa pili, wa kuletewa kila kitu. Mwaka 2009 Kisarawe ilikuwa kwenye magazeti kwa sababu ya kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, iliyopata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji 11 kulima mibono ya kutengenezea mafuta, ile wanayoiita jatrofa. Vijana wakaajiriwa mashambani. Mwaka 2011 kampuni ikasimama, ajira zikaisha, ardhi ikabaki na maswali. Sitaki kuifungua kesi hiyo hapa, ina waandishi wake. Ninachotaka kusema ni kimoja tu: mzee mmoja wa huko aliniambia kwamba baada ya mibono watoto wake walikaa nyumbani mwaka mzima wakisubiri kampuni nyingine ije. Walikuwa wamejifunza kitu, nacho ni kusubiri.

Nikatoka Kisarawe na unga mwekundu kwenye viatu, nikaenda Kibaha.

Kibaha ya leo siyo ile ya vitabuni. Mailimoja pale ni kelele tupu, mabasi, chipsi, matunda, vijana wanaokimbia na mabeseni ya maji baridi. Ukikata kuingia mitaani ndani ndani unaanza kusikia sauti nyingine. Kuku. Kila nyumba ya tatu ina banda. Sijui kama ni Shirika la Elimu lililowaambukiza, au ni njaa ya chipsi kuku ya Dar, lakini wanafuga.

Mama niliyekwenda kumwona yuko Picha ya Ndege. (Jina hilo la mtaa sijui nani alilibuni, ila nalipenda kuliko yote ya mkoa wa Pwani.) Ni mstaafu. Zamani aliwahi kuhudhuria kozi fupi ya ufugaji pale chuoni Tumbi, na kitu anachokikumbuka sana si darasa bali ni banda: kila mwanafunzi alikuwa na zamu ya usiku kuangalia jiko. Kifaranga wa wiki ya kwanza akipata baridi saa nane usiku, asubuhi unaokota mizoga. Na jiko ni la mkaa. Nilicheka kimoyomoyo. Mkaa wa Kisarawe unawalea vifaranga wa Kibaha.

Mama huyu anachukua vijana wa mtaani kwake, watatu watatu, anawafundisha kuku wa nyama kuanzia siku ya kwanza mpaka wanauzwa, kama wiki tano hivi. Hana projekta. Sharti lake ni la ajabu kidogo. Kabla hujaingia bandani kwake, unatakiwa umletee karatasi yenye majina 20 ya watu watakaonunua kuku kutoka kwako. Watu hao wawe na sura na simu, na wawe wamesema kwa mdomo wao "nikiletewa nitachukua".

"Shikamoo mama, mbona unaanza mwisho?" nikamuuliza.

"Marahaba mwanangu. Siyo mwisho huo. Mteja kwanza, kifaranga baadaye."

Akanifafanulia, na hapa nisikilizeni vizuri wale mnaotaka kufuga kwa kusoma mtandaoni. Kuku wa nyama anakua haraka, hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo hatari yake. Akifika wiki ya tano amemaliza kazi. Tangu hapo kila siku anayokaa bandani anakula mtaji wako. Kuku 100 wa umri huo wanakula kilo 15 hivi kwa siku, mfuko wa kilo 50 unakwisha kwa siku tatu na kidogo. Ukianza kutafuta mteja siku ya 35, unamtafuta huku umeshikwa shingo. Mnunuzi wa jumla anajua. Anakuja jioni, anaangalia banda, anaangalia uso wako, anataja bei ya kukuua. Utakubali, kwa sababu asubuhi kuna mfuko mwingine wa kununua.

"Wengi wanaofilisika hapa," mama akasema, "kuku wao hawakufa. Walinenepa."

Mambo ya kitaalamu anayafundisha pia, tena kwa ukali. Chanjo ya mdondo siku ya 7, Gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21, na maji ya chanjo yasiwe na dawa ya bomba. Maranda makavu. Viatu vya bandani visitoke bandani. Hayo ndiyo aliyoyapata chuoni, na hayo mtaa peke yake usingempa; mtaa ulikuwa unawapa kuku maji ya pilipili na kumwachia Mungu. Lakini lile la majina 20 halikutoka chuoni. Lilitoka kwenye batchi yake ya pili, alipouza kuku 80 kwa hasara mbele ya mume wake.

Kijana mmoja aliyepita kwake nilimkuta anasambaza kuku kwa pikipiki, tenga nyuma. Aliniambia siku aliyoambiwa habari ya majina alidhani mama anamfukuza kistaarabu. Akaenda kwenye vibanda vya chipsi vya Mailimoja, aibu tupu, kuomba mtu amwahidi kununua kuku ambao hawajazaliwa. Wiki ya kwanza akapata majina matatu. Wengine walimtukana. Mmoja akamwambia ninunue kwako kwa nini, nina mtu wangu, ila mtu wangu huyo Jumapili haleti. Kijana akalishika hilo. Akaanza na wateja wa Jumapili tu.

Nilimkumbuka yule mwenzangu wa mezani mwenye sifa kumi kwenye daftari. Laiti angeambiwa: kesho asubuhi nenda kwenye vibanda sita, uliza ni siku gani hawapati mzigo.

Sasa tuje kwenye fedha, maana najua kuna mtu ameshanuna anasema mtaji je. Ni kweli, vifaranga havinunuliwi kwa majina. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo tangu sheria ya 2018 ni lazima itengwe: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya madudu kuonekana, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kabla ya kupewa, kikundi huitwa kwenye mafunzo. Nadhani mmeshajua nitakachouliza. Mafunzo hayo yako bandani au ukumbini? Kwa vikundi nilivyoongea navyo ilikuwa ukumbini, siku moja, na sehemu kubwa ilihusu namna ya kujaza fomu na kurejesha. Kurejesha ni muhimu, sikatai. Ila wakopeshaji wanafundisha marejesho kwa watu ambao hakuna aliyewafundisha mauzo.

Na sasa mtaala mpya ulioanza 2024 umekuja na mkondo wa amali sekondari. Nimefurahi, kwa kweli. Miaka mingi tumesema shule zinazalisha watu wa kuandika barua za maombi. Wasiwasi wangu ni wa MEMKWA ileile. Amali ikishapewa mtihani, karatasi ya kwanza na ya pili, walimu watafundisha karatasi. Mwanafunzi wa Kisarawe ataandika hatua saba za kusuka mkeka, atapata A, hatajua siku zake ni bei gani. Dawa yake si ngumu sana, kusema kweli: mlipeni yule bibi. Mlipeni fundi wa mtaani aje shuleni mara mbili kwa wiki, au wapelekeni watoto kwake, na aandikwe kwenye bajeti kwa jina la kazi yake, asibaki kwenye sentensi ya "jamii itashirikishwa". Nimesoma nyaraka nyingi za miradi. Kila mahali palipoandikwa jamii itashirikishwa, maana yake ni kwamba kuna mtu atafanya kazi bure.

Mama wa Picha ya Ndege alijaribu. Alikwenda ofisi moja, sitaitaja, akaomba atambuliwe kama mkufunzi ili naye walau apate nauli na chanjo za kufundishia. Alipokewa vizuri, akapewa kiti. Akaulizwa cheti cha ualimu. Hana. Akashauriwa ahudhurie semina ya wakufunzi wa ujasiriamali, ya siku tatu, ambako atapewa cheti. Nilimuuliza kama atakwenda. Akasema siku hizo tatu ana vifaranga wa wiki ya kwanza, jiko lake atamwachia nani.

Kwa hiyo anaendelea na malipo yake ya siku zote: kila kijana analeta magunia mawili ya maranda na kufanya kazi bandani batchi nzima. Akimaliza anakopeshwa vifaranga 20, wale wa yale majina 20, anarudisha fedha akishauza. Tangu aanze, anasema, wawili tu ndio hawajarudisha, na mmoja wao ni mtoto wa dada yake.

Jumatatu anaingiza wapya watatu. Wakati naaga, mmoja wao alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yake, ina majina 17. Mama aliipitia kwa miwani iliyofungwa uzi, akapiga simu mbili palepale kuhakiki, akamrudishia.

"Bado matatu, baba. Leo ni Alhamisi."

Kijana akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akaelekea Mailimoja kwa mguu.